Kuku, Koti na Tanuri la Hamira

Yule mwokaji mikate watu walimwita Hamira, na msidhani ni kwa sababu ya kazi yake. Hamira ya dukani ukitaka iumuke sharti uitie maji ya vuguvugu na sukari kidogo, kisha uisubiri. Huyu hakuhitaji hata hayo maji. Neno moja baya juu ya mkate wake, basi ameshavimba: mashavu nje, kifua mbele, kofia inataka kuruka kichwani. Mkewe, ambaye ndiye aliyesimama kaunta, alishaijua dawa. Alimwacha avimbe weee, yeye anapanga mikate yake rafuni, mpaka mwenyewe asinyae.

Duka hilo Hamira alilirithi kwa marehemu baba yake, na pamoja na duka alirithi masharti. Saa, kwa mfano, ilikuwa marufuku chumba cha tanuri. Si ya mkononi, si ya ukutani. Na simu nazo, tangu zilipojifanya saa, ziliachwa kwenye ndoo mlangoni. Kofia za kazi zilivaliwa zimegeuzwa, ndani nje, mishono na nyuzi zote hadharani. Tena mkate wa kwanza kutoka tanurini ulivunjwa katikati, wafanyakazi wote wakausogelea, wakainama, wakachungulia ndani yake, na Hamira akatamka kwa sauti nzito: "Hakuna!" Nao wakaitikia: "Hakuna!" Hapo ndipo biashara ilipoanza.

Ukimuuliza hakuna nini, anavimba.

Lakini sharti la masharti lilikuwa wimbo. Mikate ikishaingia tanurini na mlango kufungwa, mtu mmoja alisimama mbele ya mlango ule akaimba wimbo wa kuku mwanzo hadi mwisho, na mlango haukufunguliwa mpaka wimbo uishe, hata kama nje amesimama mfalme na njaa yake. Wimbo wenyewe ulianza hivi:

*Kuku kaenda kwa fundi:*
*"Fundi, nishonee koti."*
*Fundi kamwekea kola,*
*Kuku kasema, "Haikai."*

Ubeti wa pili fundi anaweka mikono, kuku anauliza mikono ya nini naye ana mabawa. Inakuja mifuko, vinakuja vifungo, inakuja bitana, kila ubeti na lalamiko lake, maana kuku yule alikuwa mteja msumbufu, fundi mwingine angeshamgeuza kitoweo. Mwisho analivaa koti, anatoka nje, anakuta jua kali, analivua. Basi. Mlango unafunguliwa.

Mtu mwingine angesema huu ni wimbo wa kubembelezea watoto. Hamira alikuwa ameutafakari miaka na miaka. "Kuku ni mwanadamu," aliwaambia wafanyakazi wapya, kidole juu. "Koti ni dunia. Unaililia dunia, unaililia, siku ukiipata, joto." Kisha aliwatazama mmoja mmoja ili yawaingie. "Baba yangu hakuwa mtu wa mchezo. Ule wimbo ni dua. Ndio unaoupa mkate wetu ladha."

Na ladha kweli ilikuwepo, haki ya mtu apewe. Hata jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyefungua duka la mikate na kuliita la kisasa, naye watu wakamwita Kisasa, alikuja akachungulia dirishani wiki nzima. Siku moja wafanyakazi wake wakaonekana wamegeuza kofia. Haukupita muda ukasikika wimbo wa kuku kutoka ng'ambo, umeimbwa vibaya, koti limetiwa vifungo kabla ya kola. Hamira alivimba siku mbili.

Mkosi ulianzia kooni. Mwaka ule koo la Hamira lilikauka, na daktari akamwambia aipumzishe sauti: asiimbe, asipige kelele. La kuimba alilitii. Wimbo akamkabidhi mkandaji wake mmoja mgeni, mwanamke wa makamo aliyekuwa mwanakwaya hodari, na kwa ajili ya kipaji hicho aliitwa Sauti. Hamira alifurahi. Alisema kama dua ya mtu wa koo la chura imekubaliwa miaka yote, hii ya Sauti itapokelewaje!

Sauti hakuwa mtu wa kuimba kitu kikavu. Alivuta, akapandisha, akarudia kibwagizo ambacho hakikuwepo. Kuku aliyekuwa akienda kwa fundi kwa miguu yake sasa alikwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Ila jioni za mazoezi ya kwaya, Sauti akiwa na haraka ya kuondoka, kuku huyohuyo alikimbia, akashonewa, akavaa na kuvua kabla wengine hawajafuta unga mikononi. Na mkate, loo! Leo umeungua, kesho mbichi, keshokutwa umeungua tena.

Hamira alitafuta mchawi kila mahali. Alibadilisha unga. Alibadilisha kuni. Aligombana na muuza hamira, ikawa hamira mbili zinafokeana barabarani. Mwishowe akasimama mlangoni akiangalia ng'ambo, akasema, "Ni Kisasa. Katutupia jicho." Kila mtu alishukiwa, isipokuwa kuku.

Alhamisi akaja mpishi mkuu wa shule ya bweni. Huyu alikuwa mama mnene, mpole, wa aina ile ambayo upole wake ndio unaotisha. Kwa wingi wa mikate iliyonunua, shule yake ndiyo iliyokuwa duka. Watu wa kaunta walikuwa mapambo tu. Aliweka mikate miwili mbele ya mke wa Hamira, Hamira mwenyewe akiwa pale pale. Wa kwanza akaugonga kwa kidole: ko, ko, ko.

"Huu wa Jumatatu niliupigia hodi, hakuitika mtu," akasema. Kisha akabonyeza wa pili, kidole kikazama. "Huu wa jana, saa yoyote mtu atanizika humu. Hamira, mkate wenu nimeula tangu nikiwa mwanafunzi pale pale ninapopika leo. Jumamosi wazazi wanakuja kututembelea. Mkinitia aibu mbele ya wazazi, kuanzia Jumatatu nanunua ng'ambo."

Hamira hakuvimba. Alisema tu, "Nimesikia, mama." Mkewe aligeuka kumwangalia, maana tangu waoane hajapata kuona neno baya juu ya mkate likiingia kwa mume wake na kutulia.

Mle ndani, kwenye magunia, binti yao alikuwa anachekecha unga. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, amerudi likizo, Jumatatu aondoke. Alikuwa anasoma historia, na jambo hilo Hamira alilificha kama mtu anavyoficha upara. Akiulizwa binti anasomea nini, alijibu, "Mambo ya chuo," akauliza mvua itanyesha lini. Wenzake walikuwa na watoto wahasibu, watoto manesi, yeye atasemaje? Kwamba anamlipia mtoto akajue nani alikufa lini?

"Baba," binti akaita, "huu wimbo ulianza lini?"

"Ulianza mwanzo."

"Nani alikuwepo?"

"Babu yako alikuwepo! Maswali gani haya?"

"Na alisema ni dua?"

"Babu yako hakuwa mtu wa kusemasema. Alinishika bega, akaniambia, 'Fanya tu, usiulize.' Nikafanya. Sikuuliza."

"Kwa hiyo aliyesema ni dua ni nani?"

Hamira aliinua kidole kujibu. Alijaribu kukumbuka, na kila alipokumbuka alijiona mwenyewe, kidole juu, akiwaambia wafanyakazi. Hapo sasa ndipo alipovimba, vimbo la siku mbili kwa pamoja.

"Wafu wamelala zao, wewe unawagonga mabega! Hujasikia wakubwa walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo? Sasa yajayo ni haya: shule ikituacha, tanuri linazimwa, na chuo kinaishia hapo. Utabaki kaunta na mama yako. Utawasimulia wateja vita vya zamani huku unawafungia mkate, kama upo wa kufunga!"

Binti aliendelea kuchekecha. "Ndwele usiyojua ilianza lini, Baba, utaigangaje?"

Kule kaunta, mama mtu alishikwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje kukimalizia.

Usiku ule Hamira alijigeuza kitandani, na asubuhi ya Ijumaa aliamka na jibu. Kama sauti moja haitoshi, zije nyingi. Sauti alipoambiwa alete kwaya nzima, nusura apae. Walikuja na majoho yao, wakajipanga katikati ya magunia, soprano upande wa chumvi, besi upande wa kuni. Mikate ikaingia, mlango ukafungwa, Sauti akainua mkono.

Jamani, kuku hajapata kuimbwa vile. Aliondoka nyumbani taratibu, sauti moja. Njiani wakamdaka wengine. Kwenye kola tu, wale wa besi waliivuta ile "haikai" mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka. Kwenye mikono, mtu mmoja akaanza kunusanusa. Kwenye mifuko, moshi mwembamba ulichungulia juu ya mlango wa tanuri.

"Bwana Hamira," mkandaji mmoja akanong'ona, "si tufungue kidogo?"

"Kuku hajavaa koti!"

"Lakini inaungua."

"Imba!"

Vifungo vikarudiwa. Bitana ikarudiwa kwa kupokezana, wanaume wakiuliza, wanawake wakijibu. Moshi ulijaa, machozi yakawatiririka, na wapita njia waliosimama dirishani wakawa wanaambiana kwamba watu hawa wana imani, tazama wanavyolia. Kisasa naye alikuwepo, sikio kiooni, anatikisa kichwa kwa husuda. Kuku alipolivua koti hatimaye, mlango ukafunguliwa, na kilichotoka mle kilikuwa makaa yenye umbo la mkate.

Masharti ni masharti. Hamira aliuchukua wa kwanza auvunje. Haukuvunjika. Aliugonga ukingo wa meza mara mbili ndipo ukakubali kupasuka, na wote, wakandaji na wanakwaya, wakainama kuchungulia ule weusi.

"Hakuna," akasema Hamira kwa sauti ya mgonjwa.

"Hakuna," wakaitikia, na safari hii kila mtu aliona ni kweli.

Kwaya ilipoondoka, binti alimfuata baba yake uani, alikokuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Baba, usivimbe."

"Sina hata cha kuvimbia."

"Siku Sauti akiwa na haraka, mkate mbichi. Akiimba kwa madaha, unaungua. Leo kwaya nzima, tumepata mkaa. Nafikiri ule wimbo si dua. Nafikiri ni saa."

Kumbe alikuwa bado na cha kuvimbia. "Baba yangu! Babu yako yule, aliyekuwa akipita watu wanazima sigara! Asimame aimbe kuku ili apime muda? Kwani alishindwa kununua saa?"

"Hilo ndilo swali. Nani yuko hai aliyekuwepo?"

"Shangazi yako yuko hai! Na twende! Twende sasa hivi akutoe huo ujinga wa chuo!"

Shangazi, dada mkubwa wa Hamira, alikaa mtaa wa pili kwenye vyumba viwili, na cherehani yake dirishani. Walimkuta anatia uzi sindano bila miwani, jambo alilopenda watu wamkute analifanya. Wakamwamkia, akaitikia, wakakalishwa. Hamira hakungoja hata kuulizwa habari za nyumbani.

"Dada, mwambie huyu mtoto. Baba alipoimba wimbo wa kuku pale tanurini, alikuwa anaomba nini?"

Shangazi alifikiri. "Alikuwa anaomba mkate usiungue."

"Umesikia!" Hamira akamgeukia binti. "Anaomba!"

"Maana saa hakuwa nayo," akamalizia Shangazi.

Binti akasogeza kiti chake mbele.

"Saa alikuwa nayo mwanzo," Shangazi akaendelea, "tena nzuri, ya mkononi. Mama ndiye aliyenihadithia. Baba alipokuwa kijana aliringa na saa ile mtaa mzima. Ukimwuliza njia anakuambia saa. Basi siku moja anakanda, mkanda ukafunguka, saa ikaingia kwenye donge. Hakujua. Mkate ukaumuka, ukaokwa, ukauzwa. Akaununua msichana mmoja wa mtaa wa juu. Akaketi na chai yake. Akauma."

"Uongo," akasema Hamira.

"Jino likatoka zima zima. Alikuja dukani, jino mkono huu, saa mkono huu, anamfokea Baba barabara nzima inasikia. Baba akaomba msamaha. Kesho yake akaenda kwao kuomba tena. Na keshokutwa. Aliomba msamaha mpaka wazazi wa msichana wakaanza kumwekea kiti. Mwisho akaleta posa."

"Msichana huyo ndiye…"

"Ndiye mama yetu, mjinga wewe. Ulidhani lile pengo alizaliwa nalo?"

Ndivyo alivyodhani. Maisha yake yote Hamira alisifu mwanya wa mama yake. Binti alipoota meno alikuwa akimfunua mdomo kila asubuhi kuona kama ameurithi. Aliinua macho ukutani, ilipokuwa picha ya mama akicheka. Mwanya hukaa katikati. Lile lilikuwa pembeni kabisa, shimo la haja.

"Shangazi," binti akauliza kwa adabu, "nisamehe, lakini ulihadithiwa, hukuona. Kuna kitu kingine?"

Hamira alitaka kumkemea, kisha akajikuta naye anangoja jibu. Shangazi alivuta kopo la vifungo chini ya cherehani, akalimwaga juu ya kitambaa, akachambua kwa kidole. Kati ya vifungo ikatoka saa ndogo, kioo chake kimekuwa rangi ya kahawia, na pembeni imebonyea kidogo. Kwenye mshono wa mfuniko palikuwa na kitu kimekauka. Binti aliinusa. Haikuwa na harufu yoyote, lakini kile kilichokauka kilikuwa chembe za mkate, hakuna asiyezijua katika ukoo ule. Alipeleka ule ubonyevu karibu na picha ya bibi yake, akaangalia jino lisilokuwepo, akaangalia saa, akaanza kutabasamu.

"Mama alikubali kuolewa kwa sharti," akasema Shangazi. "Saa isiingie tena kwenye chumba cha tanuri. Na kila siku mkate wa kwanza uvunjwe mbele yake aone."

"Hakuna," akanong'ona Hamira.

"Hakuna saa. Ulidhani hakuna nini?"

 Hamira alikuwa amejenga mahubiri matatu juu ya neno lile.

"Sasa bila saa mkate ukawa unaungua. Mama akamfundisha wimbo aliokuwa akiimbiwa utotoni, akamwambia, 'Uimbe kwa mwendo wangu, ukiisha, fungua.' Hivi." Shangazi alianza kujipiga paja, taratibu, sawasawa, akaimba kuku akienda kwa fundi, bila kuvuta wala kupandisha. Kuku akaenda kwa mwendo wa kuku.

"Na kuku maana yake nini?" Hamira akauliza, sauti imeshuka kabisa.

"Kuku? Kuku ni kuku."

Walimwona anaanza kuvimba. Mashavu yakaenda nje, kifua kikaja mbele, binti akasogeza kiti nyuma. Lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kicheko cha kukwama kwanza, kisha kikafunguka, akacheka mpaka akashika kitambaa cha kochi akafutia macho. Naye aliendelea kufuta macho hata kicheko kilipokwisha.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Hakuuliza. Alimwogopa baba yake akiwa hai na akamwogopa zaidi alipokufa. Kumbe yule mzee wa kuzimiwa sigara alikuwa kijana mwenye kuringa na saa, aliyefokewa na msichana asiye na jino, akaimba habari za kuku maisha yake yote kwa kumpenda. Baba wa namna hiyo Hamira angempenda sana. Iliuma kumjua leo.

Jumamosi Shangazi aliwekewa gunia la unga kando ya tanuri, akakaa juu yake. Sauti alisimama mahali pake, uso wa mtu aliyenyang'anywa chakula.

"Hata kidogo nisivute?"

"Hata kidogo," akasema Shangazi, akaanza kupiga paja.

Kuku akaenda kwa fundi. Kola haikukaa, mikono ikakataliwa. Kwenye bitana Sauti alijisahau, sauti ikataka kupanda. Shangazi akakohoa, ikashuka. Binti alisimama nje ya mlango, simu mkononi, anapima muda ili siku ya pili saa ya ukutani itundikwe juu kabisa, mbali na donge lolote. Hamira alikuwa ameshakubali. Ila wimbo ubaki, alisema, kwa sababu Mama aliutaka. Sasa aling'ang'ania kishikio cha mlango wa tanuri kwa mikono miwili, midomo inatembea pamoja na maneno. Mpishi mkuu alikuwa ameshafika kaunta, mpole kuliko siku zote.

Kuku akavua koti. Mlango ukafunguliwa.

Mikate ilikuwa mizuri. Sina la kuongeza: ilikuwa mizuri, rangi ile yenyewe, imenyanyuka, inanukia mpaka barabarani. Hamira aliuvunja wa kwanza, mvuke mweupe ukapanda, wote wakainama. Alitaka kutamka kwa sauti nzito, ikamshinda, akatoa neno na kicheko pamoja: "Hakuna saa!" Wakandaji, waliokwisha kuhadithiwa tangu alfajiri, wakaitikia, "Hakuna saa!" na mmoja akaongeza, "Wala jino!" Mpishi mkuu alibonyeza mkate, ukabonyea, ukarudi. Akakata kipande, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Ehe," akasema. "Huu ndio niliokula nikiwa mtoto. Pakieni."

Gari la shule lilikuwa halijamaliza kukunja kona, Kisasa akavuka barabara. Kofia yake imegeuzwa, nyuzi zinaning'inia usoni. Alisimama mlangoni akikwaruza sakafu na kiatu.

"Jirani, habari za asubuhi."

"Njema."

"Nina swali. Nakuomba usivimbe."

"Sivimbi."

"Sisi kule, si siri, tunafanya kama ninyi. Kofia, wimbo, kila kitu. Mkate tunauvunja, tunachungulia, tunasema 'Hakuna.' Sasa wafanyakazi wameanza kuniuliza, bosi, hakuna nini? Nikawaambia ni siri ya biashara. Lakini hapa ni mimi na wewe tu." Akashusha sauti. "Hakuna nini?"

Hamira alimtazama yule mtu, na badala ya kumwona mwizi alijiona mwenyewe wa juzi, kidole juu. Akageuka. Binti yake alikuwa amekaa kwenye magunia, unga mpaka kwenye nyusi. Daktari alisema asipige kelele. Hamira alivuta pumzi, akavimba kuliko alivyopata kuvimba, na muuza magazeti wa kona ya mbali akageuka kuangalia kuna nini.

"Muulize binti yangu! Anasoma HISTORIA!"

Mkewe aliweka mkate chini. Binti aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeingiwa na unga machoni.

"Basi mwanangu," akasema Kisasa, "hakuna nini?"

Binti akamweleza yote, jino, posa na kopo la vifungo. Kisasa alisikiliza, mdomo wazi. Binti alipomaliza, Kisasa akavua kofia yake, akaigeuzageuza, akaangalia mishono.

"Na hizi je?"

Hamira alinyanyua kidole. Maelezo alikuwa nayo tayari, mazuri kabisa, ya unyenyekevu na mwanadamu kutoficha mishono yake, yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Akayameza. Akamwangalia binti.

"Hatujui," akasema binti. "Shangazi nilimuuliza, alizikuta hivyo hivyo. Itabidi kumtafuta aliyezishona, au mtoto wake."

"Umesikia?" Hamira akamwambia Kisasa kwa majivuno. "Hatujui! Jumatatu anarudi chuoni. Likizo ijayo njoo uulize." Kisha akamgeukia binti. "Na wewe umekaa unafanya nini? Kafunge mizigo! Ukikosa basi, hizi kofia nitaulizwa mimi?"

Kisasa akaivaa kofia yake, ndani nje vilevile, akavuka barabara kwenda kusubiri likizo.